Kupatana na Fundi wa Mwandiko

Maneno ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya viongozi wa vituo vya kisomo na wanakisomo waliohitimu



Leo hatukuja kusema habari za mbolea wala choo bora. Hayo tumeyasema na tutayasema tena. Leo tumekuja kusema habari za mtu mmoja ambaye vituo vyetu vimeanza kumtafuta, na kila vikimpata vinagombana naye. Mtu huyo ni fundi wa mwandiko.

Fundi wa mwandiko ni nani? Ni mtu anayeandika kwa mkono, kwa kalamu na wino, maandishi mazuri ya kupendeza, na hiyo ndiyo kazi yake ya kumlisha. Anaandika majina kwenye vyeti, kadi za harusi, hati za shukrani, ukurasa wa mbele wa kitabu cha kikundi. Hana mwajiri. Hapokei mshahara mwisho wa mwezi. Leo anaandika kwa watu wa kanisa, kesho kwa watu wa ushirika, keshokutwa hana kazi. Kwa hiyo mtu akitaka kufanya kazi naye lazima wapatane wao wawili, na hapo ndipo penye matatizo yetu.

Watu wengine wanasema, haya ni mambo ya mjini. Si kweli. Kazi hii ni ya zamani kwetu kuliko taipureta. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla ya hizi tunazotumia darasani. Zipo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, na mpaka leo zimehifadhiwa Goa, huko India. Na katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, pwani ya Kenya, mafundi walikuwa wakinakili Kurani nzima kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mwandiko mzuri umeletwa juzi na watu wa harusi.

Sasa tuwaeleze sisi tulivyokosea. Tumeona ni afadhali tuanze na makosa yetu wenyewe, maana ya wenzetu kila mtu anayajua.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mahafali ya kisomo. Vyeti vilikuja vimepigwa chapa tayari, vina mstari mtupu wa kuandika jina. Tukasema, majina haya yaandikwe vizuri, watu hawa wamehangaika. Tukamtafuta kijana anayeandika mabango ya maduka. Mabango yake ni mazuri, hata ninyi mkipita mnadani mnayaona. Tukampa vyeti, tukaenda zetu. Siku ya pili tunarudi, kumbe ameandika kwa maka peni. Wino umepenya mpaka upande wa nyuma, na herufi zimevimba kama mandazi. Vyeti 20 vimeharibika.

Kosa lilikuwa la nani? Lilikuwa letu. Fundi wa mabango anatumia brashi na rangi ya mafuta, anaandika juu ya bati na mbao, herufi zinazosomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kazi ya karatasi ni nyingine. Ni sawa na kumwita fundi wa kujenga nyumba akushonee shati, kwa kuwa wote tunawaita mafundi. Yule kijana hakutudanganya. Sisi hatukumwuliza, na yeye alikuwa na njaa ya kazi.

Mwaka uliofuata tukasema safari hii tunatafuta fundi hasa. Tukampata mzee mmoja mjini. Mwandiko wake tuliuona kwenye kadi ya harusi, tukauliza nani ameandika, tukaelekezwa. Mzee yule ni fundi kweli. Anatumia kalamu ya kuchovya yenye nibu pana, iliyokatwa bapa. Wazee waliosoma zamani wanazikumbuka kalamu za kuchovya, zile zilizokuwa zinachafua vidole. Hii nibu pana ina siri yake. Ukiishika kwa mwinamo mmoja bila kuigeuzageuza, mstari wa kwenda huku unakuwa mnene, wa kwenda kule unakuwa mwembamba. Hakuna kupaka wala kurudia. Unene na wembamba unatoka kwenye kalamu yenyewe.

Tulimwuliza mzee, unajuaje herufi iwe ndefu kiasi gani? Akatuonyesha. Anaiweka nibu pembeni mwa karatasi, anagonga vijiti vidogo kimoja juu ya kingine kama ngazi. Vinne na nusu, au vitano. Huo ndio urefu wa herufi ndogo kama a na m. Halafu anapiga mistari miwili ya penseli, nyepesi sana, anaandika katikati yake. Wino ukikauka kabisa anafuta penseli kwa raba laini. Kipimo hiki hakukibuni yeye. Huko Uingereza alikuwepo mtu aitwaye Edward Johnston, aliyezaliwa mwaka 1872 akafa mwaka 1944. Yeye alikwenda kuchunguza vitabu vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono, akagundua upya matumizi ya nibu pana, na mwaka 1906 akatoa kitabu cha kufundisha. Mafundi wa herufi hizi tunazozisoma wanafuata kipimo hicho mpaka leo. Sisi kwenye chuo cha ualimu tulifundishwa mwandiko wa ubaoni, tukapewa na alama, lakini hakuna aliyetuambia kwamba urefu wa herufi unapimwa kwa unene wa kalamu. Tulijisikia wanafunzi tena.

Basi, tukampa mzee orodha ya majina 46 na vyeti 46. Tukapatana kwa mdomo, shilingi 1,500 kila jina. Jumla yake ni shilingi 69,000. Tukatoa nusu, shilingi 34,500, nusu nyingine akimaliza. Akaandika. Kazi ikaja, ukiitazama unasema hivi ni vyeti vya serikali kuu. Hatukusoma hata kimoja. Tulitazama uzuri tu, tukafunga kwenye bahasha.

Siku ya mahafali ikafika. Mgeni rasmi yupo, ngoma ipo, wali uko jikoni. Wahitimu wanaitwa mmoja mmoja. Akaitwa mama mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuja darasani miaka mitatu. Mvua ikinyesha anakuja. Shamba likidai palizi anakuja amechelewa, na jembe lake begani. Akapokea cheti, akapigiwa makofi. Wenzake walikuwa wakipokea wanakwenda kukaa. Yeye akasimama palepale mbele ya meza, akakisoma. Alisoma polepole, midomo inacheza. Halafu akakirudisha mezani.

Akasema, "Mwalimu, hiki si changu."

Tukamwambia, "Mama, ni chako, tumekuita wewe."

Akasema, "Mmeniita mimi, lakini hapa ameandikwa mtu mwingine."

Watu wakacheka kidogo. Mmoja wetu, tusiseme ni nani, akamwinamia akamnong'oneza, "Mama, chukua tu, wageni wanangoja, tutarekebisha baadaye." Mama hakunong'ona. Alijibu kwa sauti mpaka wa nyuma wakasikia. "Miaka mitatu nimejifunza kuandika jina langu. Sasa siku ya kumaliza mnanipa la mtu?"

Jamani, hapo tulinyamaza. Hata ngoma ilinyamaza. Kwa maana ukweli ni huu: tungekuwa tumemfundisha vibaya, angekwenda nacho nyumbani, akatundika ukutani jina la mtu mwingine, akafurahi nalo. Alikataa kwa sababu anajua kusoma. Kazi yetu ya miaka mitatu ilitupiga kofi mbele ya watu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo ukilitazama haraka. Jina lake linaanza na ng' kama ya ng'ombe. Kwenye cheti ile ritifaa, yaani kialama cha juu, haikuwepo. Ikawa ng kama ya ngoma. Sisi wa kanda hii tunajua majina yetu. Mengi yana ng', na mtu mwenye ng' ukimwita kwa ng humwiti yeye. Na mengine yanatofautiana kwa herufi moja tu. Huyu ni Kulwa, yule anaandika Kurwa. Huyu Mbuke, na mwandishi mwenye haraka anaandika Mbuki. Tena siku hizi jina si la kuitikia tu. Liko kwenye Kitambulisho cha Taifa, liko kwenye laini ya simu, liko kwenye kitabu cha benki cha kikundi. Yakitofautiana, siku ya mirathi au ya mkopo utaambiwa nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo kwamba huyu na yule ni mtu mmoja. Na hati ya kiapo ina gharama, na nauli, na siku nzima ya shamba imekwenda.

Tulipomaliza mahafali tukavisoma vyeti vyote, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla. Vyeti 7 kati ya 46 vilikuwa na makosa.

Hapa ndipo tulipofanya kosa la pili, na hili linatuuma zaidi. Tulikasirika, tukasema fundi ametuaibisha, hatumlipi nusu iliyobaki. Mzee akapiga simu, tukasema tutaangalia. Akapiga tena, hatukupokea. Miezi miwili ikapita. Siku moja tukamwona amefika ofisini na baiskeli, shati limelowa jasho. Hakugomba. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mezani. Ilikuwa orodha yetu, kwa mwandiko wetu sisi wenyewe.

Akasema, "Mwalimu, nisomee la kumi na moja."

Tukasoma. Tukasita. Ile herufi ilikuwa u au n? Hatukujua. Na jina la mama yule, ritifaa haikuwepo kwenye orodha yetu. Mzee aliandika alichokiona. Tulihesabu pamoja naye. Katika makosa 7, manne yalikuwa kwenye orodha yetu. Mawili yalikuwa yake, na aliyakubali palepale bila kubishana. Moja lilikuwa la mwenye jina. Alijiandikisha kwa jina la ubini wa mume, na kwenye kitambulisho anatumia la baba yake.

Tulimlipa shilingi zake 34,500 siku ileile. Tukamwomba radhi. Vile vyeti 7 ikabidi viagizwe vingine vitupu, vikachelewa, na mama yule alipata chake baada ya miezi mitano. Tulikipeleka wenyewe nyumbani kwake. Alikisoma kwanza kabla hajatukaribisha ndani.

Ndiyo maana leo tunasema nanyi. Mambo tunayowaeleza tumeyajaribu mwaka uliofuata, na mzee yuleyule, na hatukugombana.

Kwanza orodha. Orodha ndiyo kazi nzima. Kama orodha ni mbovu, hata fundi awe malaika atakuandikia makosa mazuri. Sasa orodha ya kituo tunaitengeneza hivi. Kila mhitimu anaandika jina lake mwenyewe, kwa mkono wake, herufi moja moja zisizoungana, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho chake. Mwalimu anayahamisha kwenye orodha safi yenye namba. Halafu orodha safi inabandikwa kwenye ubao wa kituo kwa wiki moja, na kila mtu anaweka sahihi mbele ya jina lake kwamba ni sahihi. Wapo waliosema tunapoteza muda. Siku ya kwanza tu ya kubandika watu watatu walisahihisha.

Tahadhari moja hapa. Walimu wengine wanapenda kuandika orodha yote kwa herufi kubwa, wakidhani ndiyo inasomeka. Inasomeka, sawa, lakini fundi ataandika cheti kwa herufi kubwa na ndogo. Mwonyeshe wapi inaanza kubwa. Na ritifaa za ng' zizungushie duara kwa kalamu nyekundu. Fundi wetu ni mtu wa mbali, lugha yake ya nyumbani si yetu. Majina yetu kwake ni mageni, hawezi kubahatisha.

Pili, karatasi. Kabla ya kupiga chapa vyeti, mpelekeeni fundi kipande cha karatasi yenyewe akijaribu. Karatasi inayong'aa sana inakataa wino. Unabaki juu kama umande, ukiugusa unapakaa. Karatasi nyembamba ya daftari nayo inakunywa wino, herufi zinaota mizizi. Mzee wetu anataka karatasi nzito kidogo, isiyong'aa. Sisi zamani tulikuwa tunachagua inayong'aa kwa sababu inaonekana ya bei. Na mstari wa jina usipigwe mzito, maana wino wa fundi ukipita juu ya wino wa mashine unakatika katika.

Tena ongezeni vyeti vitupu vya akiba. Mkono wa mtu si mashine. Kwa kila vyeti 10 tunatoa kimoja cha ziada. Majina 46, basi tunampa vyeti 51. Visivyotumika anavirudisha vikiwa vitupu, na vilivyoharibika anavirudisha pia, vyote vinahesabiwa. Hili si kwa ajili ya kumshuku. Cheti kitupu chenye mhuri kikizagaa mtaani, kesho kuna mtu amehitimu ambaye hatukumwona darasani hata siku moja.

Tatu, wino. Mwulizeni fundi anatumia wino gani, msione haya. Upo wino mweusi wa masizi, ambao ukikauka haufifii kwa jua, na upo wa aina hiyo usiochujuka hata maji yakimwagika. Na upo wino wa rangi, wa kalamu za kujaza, mzuri siku ya kwanza, lakini ukutani jua likiupiga unafifia mwaka hata mwaka, na mvua ikivuja ndiyo kwaheri. Nyumba zetu tunazijua. Cheti kikae kwenye nyumba ya bati linalovuja, kiandikwe kwa wino wa maji? Bei ya wino mzuri ikizidi, ongezeni.

Jambo la bei lina maneno mengi. Katika kamati zetu hakukosi mjumbe wa kusema, "Kwani anafanya nini? Anaandika tu. Hata sisi siku hizi tunaandika." Ni kweli tunaandika, na tunajivunia. Lakini mzee yule anatumia kama saa nzima kwa majina sita au saba, kwa sababu ya kupima, kupiga mistari, kuandika, kungoja, kufuta. Majina 46 yanamla siku nzima au zaidi. Halafu nibu anaagiza mbali, na wino, na ile taa ya usiku. Mkigawa 1,500 kwa hayo yote mtaona haibaki nyingi. Kibarua wa palizi mnampangia kwa ngwe, na hamumwambii analima tu.

Na kama fedha ya kituo kweli haitoshi, basi semeni mapema, mchague njia nyingine. Majina yanaweza kupigwa kwa kompyuta pale stationari, na si aibu. Kituo chenye wahitimu 200 tunakishauri kifanye hivyo. Lakini hata kompyuta inakosea ritifaa, tena inakosea kwa haraka zaidi. Orodha yenye sahihi inahitajika vilevile.

Sasa mapatano. Msipatane kwa mdomo kama sisi. Ninyi ni watu mnaojua kusoma na kuandika, mnashindwaje kuandika mistari minane? Sisi tuliandika hivi, nanyi mnaweza kunakili:

"Sisi kamati ya kituo tumepatana na fundi aandike kwa mkono majina 46 kwenye vyeti, kufuata orodha yenye namba na sahihi za wenye majina. Ataandika kwa wino mweusi usiochujuka, kama mfano aliotuonyesha na tukaukubali. Bei ni shilingi 1,500 kila jina, jumla shilingi 69,000. Arubuni shilingi 34,500 imetolewa leo. Zilizobaki zitalipwa siku ya kukabidhi, baada ya vyeti vyote kusomwa mbele ya pande zote mbili. Kosa lisilokuwepo kwenye orodha, fundi ataandika upya bila malipo. Kosa lililokuwepo kwenye orodha, kamati italipa. Vyeti vyote, vizuri na vilivyoharibika, vitarudishwa. Siku ya kukabidhi ni tarehe hii, wiki mbili kabla ya mahafali."

Halafu sahihi, tarehe, na shahidi mmoja kila upande. Nakala mbili. Mkituma arubuni kwa simu, ujumbe wa kupokea msiufute.

Angalieni yale maneno "wiki mbili kabla ya mahafali". Tusipoyaweka, kazi inakabidhiwa usiku wa kuamkia sherehe, na hapo hakuna kusoma, kuna kufunga bahasha tu. Na maneno "kama mfano aliotuonyesha" nayo yana maana. Fundi aandike kwanza jina moja kwenye karatasi ileile. Kamati ilitazame. Wengine wanapenda mapambo mengi, mikia ya y na g inayozunguka mpaka mstari wa chini. Sisi tunasema kwenye kadi ya harusi sawa, lakini kwenye cheti jina lisomeke na karani wa benki anayeona mara ya kwanza. Tulimwambia mzee apunguze mikia. Alikunja uso kidogo, maana ndiyo fahari yake, lakini alipunguza. Kama hatungesema kwenye mfano, tungesema kwenye cheti cha 46, na hapo ingekuwa ugomvi.

Kusoma siku ya kukabidhi tunafanya watu wawili. Mmoja ana orodha, anataja jina herufi kwa herufi. Mwingine ana cheti, anafuata kwa kidole. Anayesoma cheti asitazame orodha, maana macho yanapenda kuona yanachokitegemea. Mwaka huo tulipata kosa moja, na mzee alilikuta kabla yetu. Alikaa kwenye kona ya ofisi, akaandika upya dakika kumi, tukamlipa, akaondoka na baiskeli yake kabla ya saa sita.

Kosa likionekana msikubali kupakwa ule weupe wa kufutia. Cheti chenye doa jeupe penye jina kinaonekana kimeghushiwa, na mwenyewe atasumbuliwa maisha. Fundi mzuri anaweza kukwangua herufi moja kwa wembe kwenye karatasi nzito, hatuoni shida. Zaidi ya hapo tumieni cheti cha akiba. Na msikimbilie kukibana kwenye plastiki ya moto, kile wanachoita kulamineti. Kikishabanwa hakipigwi mhuri tena wala hakisahihishwi. Bahasha ya plastiki ya shuleni inatosha, au fremu ya mbao yenye kioo, mbali na jua.

Hayo ndiyo tuliyokuja nayo. Baada ya maneno haya wasikilizaji waliuliza maswali, nasi tunayaandika mawili.

Mwenyekiti mmoja aliuliza: "Fundi akiwa ni kijana wetu wa hapahapa kijijini, mtoto wa ndugu yetu, naye tumwandikie mapatano na arubuni? Si tutaonekana hatumwamini?" Tulijibu kwamba huyo ndiye wa kuandikiana naye kwanza. Wa mjini mkigombana anarudi mjini. Huyu mtakutana naye kisimani na kwenye msiba. Na arubuni apewe, kwa sababu wino haukopeshwi.

Swali la pili liliulizwa na mama yule tuliyemtaja. Alikuwepo, amekaa mstari wa mbele na cheti chake ndani ya bahasha. Aliuliza mwaka huu nani atasoma vyeti siku ya kukabidhi. Tulimwambia wasomaji ni wawili, na mmoja bado hajapatikana. Akasema ameshapatikana. Tumeandika jina lake kwenye orodha ya kamati, na ritifaa yake ipo.